Chumvi ya Mgeni

Kasongo, kiangazi

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa asubuhi zote ambazo sikuwepo kukuamkia. Magoti yanasemaje? Mikorosho ya nyuma ya nyumba imeshika maua mwaka huu, au upepo umeyapukutisha tena? Mimi ni mzima. Nimepungua mwili kidogo, lakini usianze kuwaza. Ni kwa sababu ya pikipiki, si ugonjwa.

Barua hii inabebwa na mfanyabiashara wa vitenge anayepita Kabambare, ashuke Kalemie, avuke ziwa hadi Kigoma. Kutoka huko ataitia kwenye basi. Simu nimejaribu, inakatika kila unapoanza kuniuliza nimekula nini. Najua Fatuma wa kaka ndiye anayekusomea. Fatuma mwanangu, soma yote, usiruke mahali. Wewe umeshachezwa unyago, hakuna neno humu la kukuficha.

Kasongo nimeizoea. Ukikaa barazani kwa familia za hapa mjini siku ya Ijumaa, wanaume wakipita na kanzu kwenda msikitini na akina mama wakiulizana hali mpaka hali zinakwisha, utadhani uko Lindi. Kisha mtu anasema "chakula iko tayari", nawe unakumbuka uko wapi. Kisamvu wanakiita sombe. Wanakitwanga laini kuliko sisi, hilo nalikubali, lakini wanatia mafuta ya mawese, na mimi kila nikila ulimi wangu unatafuta nazi. Mchele wao ni mzuri. Ming'oko hawaijui kabisa. Nilipowaeleza kwamba sisi huchimba mizizi porini tukaichemsha na kuila barabarani kama pipi, walinionea huruma.

Nataka kukusimulia jambo lililotokea upande wa Kabambare, kwa sababu tangu nirudi nalibeba kichwani, na mtu wa kuniambia ninalolitafuta ni wewe. Nitasimulia kama nilivyozoea kazini: nililoliona nitasema nimeliona, na nililoambiwa nitasema nimeambiwa.

Redio yetu ilitaka kipindi juu ya jando la wavulana vijijini. Vijana ninaowafundisha kazi ni watoto wa mjini, wengi wametahiriwa wangali wadogo sana, na mambo ya porini wanayasikia kwa mbali kama wewe unavyosikia ya Wamasai. Nikasema nitakwenda mwenyewe. Dereva wa pikipiki alikuwa Salumu, mzaliwa wa huko, mtu mzima mwenye maneno mengi. Tulipofika mahali ambapo njia imekuwa makorongo matupu, alipunguza mwendo akaniambia, "Mama, shika vizuri. Barabara ilikufa zamani, tunapita juu ya kaburi yake."

Tulipita Wamaza, tukaingia kijiji kimoja mbele yake. Nikapewa nafasi ya kulala kwa mwanamke anayeitwa Mama Mwavita; huku mwanamke huitwa Mama kwa jina lake mwenyewe, si la mtoto. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mzaliwa wa Nyangwe kule kwenye mto, aliyeolewa hapo. Mume wake, Kitenge, anachimba dhahabu machimbo ya Lusangi na hurudi akipata au akichoka. Anaishi na mama wa mumewe, bibi mmoja anayeitwa Nkambo Zaina, nkambo ni bibi kwa hapa. Mtoto wake ni mmoja tu, Yuma, na Yuma alikuwa porini na wenzake.

Huko porini mimi sikufika, na mwanamke yeyote hafiki. Kwa hiyo yanayofanyika ndani siyajui, na hata ningeyajua nisingeyaandika, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba cha ndani hubaki ndani. Nilichokiona ni upande wa akina mama wanaongoja. Kwanza walinihoji mimi. Una watoto? Wawili, wasichana. Bado unaona siku zako? Nikasema zilikoma. Wakatazamana, kisha mmoja akasema, "Bon. Wewe sasa iko mwanaume kidogo. Unaweza kukaa na sisi na masini yako." Wakacheka, nami nikacheka, nikawasha kinasa sauti.

Jioni ya kwanza Mama Mwavita alinipikia bugali, sombe na samaki mkavu wa mto Lualaba. Kabla ya kunisogezea sahani alikata tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akala mbele yangu, akasema, "Sasa kula, Mama. Iko safi." Hiyo ni heshima ya huku. Mpishi asipoonja mbele ya mgeni, ni kama amemwambia usiniamini. Nkambo Zaina alikuwa mlangoni akibambua karanga. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Asubuhi nilimkuta Mama Mwavita anakula peke yake, bugali na majani yaliyochemshwa tu. Nywele zake zilikuwa hazijasukwa, na wenzake wote waliokuwa na watoto porini walikuwa vivyo hivyo. Nikamuuliza. Akanieleza bila kuficha: mama mwenye mtoto kule hasuki nywele, halali na mumewe, hamtaji mtoto jina, na hali chumvi mpaka watoto watoke.

"Kwa nini chumvi?"

"Chumvi ya mama inafika ku kidonda ya mutoto."

"Na baba je, ana mwiko gani?"

Jirani yake, Mama Feza, aliyekuwa ukutani akisikiliza, aliangua kicheko. "Baba? Baba njo alimupeleka. Kazi yake imeisha!"

Mama, nilitaka kuliandika hilo la chumvi kama jambo geni, kisha kalamu ikasita. Nikaliona jiko letu. Mwanamke akiwa katika siku zake haitii chumvi mboga, anapaza sauti, "Nani mdogo hapo? Njoo utie chumvi!" Na shangazi akipita uani anaijua hesabu ya nyumba nzima bila kuuliza. Mimi nilikuwa mtia chumvi wenu kwa miaka, nikiringa kwamba nimeaminiwa kazi ya upishi. Nimesafiri nchi mbili na ziwa moja ili niushangae mwiko ambao nimelelewa nao.

Halafu ndipo nikakumbuka ya jana. Nikamwambia polepole, "Lakini wewe jana ulionja."

Akatazama mlangoni kwanza. "Usiseme kwa nguvu. Mugeni ni mugeni. Ningekupa chakula bila kuonja, ungesema nini juu ya nyumba yangu?"

"Ungenipikia bila chumvi."

"Eh! Mutu ametoka Tanzania, nimupe chakula ya mufungwa?"

Basi, likaishia hapo. Nilifanya kazi yangu siku zilizofuata, nikarekodi nyimbo za akina mama, nikawasaidia kutwanga. Kisha mzee mmoja alitoka porini. Hakuingia kijijini, alisimama pale njia inapoanzia, akawaita akina mama kwa kupiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma yao, nikasikia kila neno.

"Mutoto moja, kidonda inakataa."

Hakuna aliyeuliza ni nani, kwa sababu jina halitajwi. Niliona kila mama anavyoshusha mikono. Mzee akaendelea. Kati yao kuna aliyevunja mwiko. Mpaka aliyevunja aseme, dawa haitafanya kazi, na wazee hawataruhusu dawa iingie.

Salumu alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake. Akasema kwamba kwenye kituo cha afya kuna muuguzi wa kiume, naye alipita porini hapo hapo zamani, kwa hiyo ana haki ya kuingia. Anaweza kwenda kumchukua sasa hivi. Mzee hakukataa. Alisema, "Akuje. Atakaa hapa njiani, angoje kinywa ya mama ifunguke." Salumu akaondoka.

Nilikwenda kwa Mama Mwavita. Alikuwa ameshika mchi, hatwangi. Nikashika mchi mwingine ili tuonekane tuna kazi.

Akasema, "Nikisema, watanirudisha kwetu Nyangwe. Yule nkambo anatafuta sababu tangu nimezaa moja tu. Nisiposema, na kama ni wangu?"

"Wewe unaamini ni chumvi?"

"Mama, unauliza kama redio." Akatwanga mara mbili tatu, akasimama tena. "Sijue. Lakini najua wale wazee hawatafungua."

Sikuwa na la kumshauri. Nimewahi kukaa na watu katika mambo mazito kuliko haya, na nimejifunza kwamba mwandishi akianza kushauri, mtu anafanya la mwandishi kisha anabaki nalo peke yake. Nilimwambia tu kwamba nikiulizwa nitasema ukweli kwamba alionja kwa ajili yangu. Akaniambia, "Hawatakuuliza."

Mchana Nkambo Zaina aliwakusanya akina mama uani kwake. Bakuli la maji lilikuwa katikati. Mmoja baada ya mwingine alisimama akasema hakuvunja kitu. Mama Feza aliapa kwa mama yake aliyekufa, kisha akaongeza kwa sauti, "Mwenye alikula, aseme! Tumbo yake itapasuka hapa hapa." Nkambo Zaina hakumtazama anayesema. Muda wote alimtazama mkwewe.

Zamu yake ilipofika, Mama Mwavita alisimama, akafunga kitenge vizuri kiunoni. "Mimi nilionja chumvi," akasema. "Nilipikia mugeni, nikaonja."

Kelele ilikuwa kubwa. Mama Feza ndiye aliyepaza zaidi: "Kumbe njo wewe! Tumbo ilishinda mutoto? Ulikosa kutema?" Nikasimama nikasema chakula kilikuwa changu na kuonja kulikuwa kwa ajili yangu. Nkambo Zaina akaniinulia kiganja. "Wewe mugeni, kaa. Mugeni hana kosa. Nani aliona mugeni anafukuzwa na mwiko?" Kisha akamgeukia mkwewe, akasema kwa upole ambao ulinitisha kuliko kelele, "Tangu siku ile niliona. Nilingoja uniambie wewe mwenyewe."

Mama Mwavita alichukua maji kinywani, akayapuliza kuelekea porini, akarudia mpaka bakuli likawa tupu. Mzee aliyekuwa njiani akaambiwa. Muuguzi, ambaye alikuwa ameshafika na kukaa juu ya kisiki na begi lake, akainuka akaingia. Aliingia tena kesho yake na siku zilizofuata. Hakusema kitu kwa mwanamke yeyote, ingawa tulimpa karanga na maji na kila aina ya salamu. Baadaye mzee alirudi akasema neno moja, "Inakauka."

Sasa sikiliza, Mama, kwa sababu hapa ndipo palinishinda. Nilidhani habari njema itampunguzia mzigo. Kumbe ilimmaliza. Kidonda kimekauka baada ya yeye kusema, basi ni kweli kosa lilikuwa lake. Kama kisingekauka, pengine wangemtafuta mwingine. Akina mama waliacha kupita mlangoni kwake. Kitenge alirudi kutoka Lusangi kwa ajili ya kutoka kwa watoto, na mama yake alimweleza kabla hajashusha mzigo. Nilimsikia akijibu, "Acha watoto watoke kwanza." Ni mtu wa maneno machache. Aliniambia siku nyingine kwamba machimboni kwao mwanamke hakaribii shimo, dhahabu inajificha. Nikamuuliza ameshawahi kuona dhahabu ikijificha bila mwanamke. Akafikiri kwa haki kabisa, akasema, "Kila siku." Lakini hakucheka. Mkewe alifunga nguo zake kwenye kitenge kimoja, akakiweka nyuma ya mlango, akaendelea kupika bila chumvi.

Siku ya kutoka, akina mama walisukwa, wakapaka mafuta, wakajipanga mstari kando ya njia, kila mmoja na sahani ya chakula mkononi. Mtoto akitoka, tonge lake la kwanza ni la mama yake. Halitolewi na mwingine. Nkambo Zaina alimwambia mkwewe asimame nyuma, baada ya wote, akasimama nyuma.

Walitoka kwa wimbo, wamenyolewa, wamevaa nguo mpya, wanatazama mbele tu. Yuma nilimtambua kwa urefu wa mama yake. Alikuwa anatembea vizuri kama askari. Watoto wote walikuwa wanatembea, isipokuwa mmoja aliyebebwa mgongoni mwa mwanamume, mwembamba, bandeji nyeupe ikionekana chini ya kitenge. Alikuwa Amuri, mtoto wa Mama Feza.

Ngoma iliendelea, lakini akina mama waligeuka kutazama mwisho wa mstari. Kisha mtu akauliza kile ambacho kila mtu alikuwa anakiuliza: mwenye kula chumvi ni huyu, kidonda ni cha yule, imekuwaje? Nkambo Zaina alijibu bila kusitasita. "Chumvi ilipotea njia." Wawili watatu wakaficha vinywa kwa mikono. Salumu, upande wa wanaume, alicheka waziwazi, akasema, "Hata Salumu hapotei hivyo!"

Mama Feza hakucheka. Alimpa sahani yake dada yake amshikie, akatembea hadi mwisho wa mstari, akamshika Mama Mwavita kifundo cha mkono, akamvuta mpaka mbele, pale aliposimama yeye.

"Simama hapa."

"Huyu alikosa," Nkambo Zaina akasema.

"Alikosa, nkambo. Mimi nilimutukana, unakumbuka? Na mutoto yangu amepona kwa kinywa yake. Sisi wengine tulisema hatukula kitu." Akageuza macho juu ya mstari mzima. "Hata pilipili hatukula! Hata mate hatukumeza!"

Hapo walicheka, wengine kwa aibu. Mama Mwavita alishika sahani yake kwa mikono miwili.

Nkambo Zaina akamwita mwanawe mbele ya watu wote. "Kitenge! Unasema nini? Anarudi kwao, ama harudi?"

Kitenge alitazama njia ambayo watoto walikuwa wanakuja nayo. "Mama, mukimurudisha leo, nani atamulisha mutoto?" Nkambo akasema arudishwe baada ya kumlisha. Kitenge akasema, "Na kesho? Hatakula?"

Ndivyo alivyolimaliza. Yuma alifika, akafungua kinywa bila kumtazama mama yake, kwa maana hawaruhusiwi bado kuwatazama mama zao, naye mama yake akamlisha. Nguo zilizokuwa nyuma ya mlango nilimwona akizifungua siku ileile na kuzianika, maana zilikuwa zimeanza kunuka moshi.

Kabla sijaondoka nilimuuliza kama bado wanaamini kosa lilikuwa lake. Akasema ndiyo. Nikamuuliza na yeye mwenyewe.

"Mi nafikiri hivyo. Nilisema, ikapona."

"Na dawa?"

"Na dawa pia. Wewe andika yote mbili."

Nimeandika yote mawili. Kipindi kimeshapita hewani, bila jina lake na bila jina la kijiji, na akina mama wa hapa mjini wameniletea maswali mengi sokoni. Wengi wanawacheka watu wa porini. Nawaacha wacheke, kisha namuuliza mmoja mmoja anafanya nini mtoto wake akiwa mgonjwa. Kila mmoja ana jambo lake analojinyima, hata mke wa mwenye duka anayenunua dawa za kizungu kwa kasha.

Ndiyo maana nakuandikia. Nilipokuwa ndani kwenye unyago wangu, wewe, kungwi wa watoto wa wenzako, hukuruhusiwa kunifunda mimi wa tumbo lako. Ulinikabidhi kwa mwenzako ukabaki nje. Nayakumbuka ya ndani yote: harufu ya unga wa mtama, khanga mpya iliyokuwa ngumu shingoni, nyimbo nilizoziona ndefu na ambazo sasa naziimba nikipiga pasi. Siku ya kutoka nilikuwa nimefunikwa, macho chini, nikaiona miguu yako tu, ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Miaka yote hii sikuwahi kukuuliza ulikuwa wapi na ulikuwa unafanya nini. Nilipokuwa ndani, Mama, wewe ulijinyima nini? Na ulijua kwamba kama ningeugua, wangekuuliza wewe? Mwambie Fatuma aandike kama unavyosema, asinyooshe maneno.

Nisalimie kaka yangu mkubwa, mwambie suala la paa asilisukume tena mpaka mvua. Msalimie shangazi mwenye masikio ya jikoni, na mke wa mdogo wangu, na mtoto wake mpya ambaye sijamshika. Mabinti zangu nimewaandikia kwa simu, lakini wasalimie hata hivyo, wanapenda kusalimiwa na wewe. Jirani wa ng'ambo ya kisima mwambie mbegu za mpunga wa huku nimempatia, zinakuja na mchukuaji huyuhuyu.

Kaa na afya, mama yangu, na usiinuke haraka kitini.

Ni mimi wa tumbo lako,
Somoe